Usiflash Ndani

Mama yangu hajawahi kufumbua macho mbele ya kamera. Sitii chumvi. Tuna picha yake ya harusi, amesimama kando ya baba na maua ya plastiki mkononi, amefumba. Tuna picha ya siku ya kubarikiwa kwangu kanisani, amenipakata, mimi nimeyatoa macho yote mawili na yeye amelala. Hata kwenye kitambulisho, ambapo inasemekana karani alirudia kupiga mpaka watu waliopanga laini wakaanza kunung'unika, macho yake yako nusu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya mchana baada ya kushiba muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa.

Ukimuuliza, anasema si yeye, ni ile taa. Anasema ile taa ya kamera inapiga. Wapiga picha wa zamani walikuwa na taa kubwa iliyolipuka na kutoa harufu, na yeye akiwa msichana ilimpiga siku moja mbele ya watu, tangu hapo macho yake hayataki mchezo. Yakisikia "moja, mbili," yanajifunga yenyewe. Hayangoji tatu.

Sisi watoto tulikuwa tunamtania kwa hilo bila huruma. Ndugu yangu, anayefanya kazi Athi River, alikuwa akisema mama akipotea itabidi tutangaze redioni kwamba anatafutwa mama mmoja ambaye amelala. Mama alicheka pamoja nasi huku akitutisha na mwiko. Huo utani uliisha siku tulipomzika dada yake.

Mama mkubwa alikuwa na ugonjwa huo huo wa kufumba. Inaonekana ni wa ukoo. Alipofariki huko kwetu Kasikeu, watoto wake walipekua nyumba nzima wakitafuta picha ya kuweka juu ya programu ya mazishi, na ile iliyokuwa nzuri kuliko zote, ya kitambaa kisafi kichwani na isiyo na mkia wa ng'ombe nyuma, alikuwa amefumba. Wangefanya nini? Ikawekwa hiyo hiyo, kubwa, ya rangi, pamoja na jina na tarehe. Tukiwa tumeketi chini ya tenti, mtoto mmoja nyuma yetu akamuuliza mamake, kwa ile sauti ya watoto wasiojua kunong'ona, "Mbona wamempiga picha akiwa ashakufa?"

Mama akasikia. Nilimwona akiikunja ile programu, akaikunja tena, akaitia ndani ya Biblia yake, na hakuifungua hata mchungaji alipotaja wimbo. Akaimba wimbo wote kwa kichwa.

Jioni, watu wameanza kutawanyika na sisi tunachambua ndengu za wageni waliobaki, akaniambia bila kuinua uso, "Mimi hamtanizika nimelala. Unanisikia? Tafuta picha."

"Mwaitu, kwani unaumwa?" Kwetu ndivyo tunavyomwita mama, Mwaitu.

"Nimesema naumwa? Nimesema tafuta picha."

Nilichukia yale maneno. Nilichukia zaidi kwamba aliyasema akitupa mawe ya ndengu kando, bila hata kupunguza mwendo wa vidole. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo kazi ilikuwa imeshaniangukia, na mama yangu akishakupa kazi hakuulizi kama umekubali. Anakuuliza imefika wapi.

Imefika wapi! Kila nilipoenda Kasikeu nilikuwa na simu mkononi kama polisi wa trafiki. Nilimvizia akilisha kuku. Nilimvizia akisuka kiondo. Niliwahi kujificha nyuma ya tanki la maji, mwanamke mzima mwenye watoto sekondari, nikamngoja apite. Akapita. Nikainua simu. Akafumba. Sijui alionaje. Yule mama anaweza kukosa kukusikia ukimwita kutoka jikoni mpaka koo likauke, lakini simu ikiinuliwa nyuma ya tanki anaijua.

Desemba iliyopita akaja kukaa nami Tulia, ambako nina kibanda cha kushona nguo za kina mama. Wiki hiyo hiyo tukasikia kwamba mambo ya bembea yamefika Kitui taoni: magurudumu ya kuzungusha watu hewani, magari ya umeme ya kugongana, na treni ya kupita gizani ikitisha watu. Nikajua palipo na watu wengi wamevaa vizuri hapakosi wapiga picha. Nikamwambia mama tuende. Alikataa mambo ya bembea, akasema yeye hajawahi kulipa ili atapishwe. Nikamwambia kuna mpiga picha anayetoka Nairobi na mashine kubwa. Hapo akaenda kuoga.

Alivaa rinda la kitenge nililomshonea mwenyewe na kile kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Akampigia ndugu yangu, au niseme alimflash, kwa sababu mama hapigi simu. Nitaeleza hilo. Ndugu yangu alipopiga, mama akamwambia, "Leo inapatikana. Ikishapatikana nitakuflash ujue."

Mpiga picha alikuwa mzee kidogo, mpole, amesimamisha pazia lenye maporomoko ya maji, na juu ya maporomoko kuna ndege ya abiria inayopita chini chini mno. Mama akasimama mbele ya maji. Akanyoosha mgongo. Yule bwana akasema moja, mbili, na mama akafumba. Akasema basi atapiga kwenye mbili. Mama akafumba kwenye moja. Akasema hatahesabu kabisa. Mama akafumba alipomsikia akivuta pumzi. Akamwambia atazame juu, atazame chini, ataje majina ya wajukuu. Alitaja wajukuu wote akiwa amefumba, na mmoja akamtaja mara mbili.

Mwishowe yule bwana akashusha kamera, akasema kwa upole, "Mama, tukiiacha hivi pia ni sawa. Unaonekana kama unaomba."

Laiti angenyamaza. Mama akamtazama. "Sikuja kuomba," akasema. "Kuomba naombaga nyumbani."

Akajifunga sweta yake na kuondoka. Nilimkimbilia katikati ya vumbi na jenereta na spika tatu zinazoimba nyimbo tofauti, na nilipomfikia macho yake yalikuwa mekundu. Ni mtu mzima, mama yangu, amezika mume, amezika dada, na hapo alikuwa karibu kulia kwa sababu ya kope. Nami nikaona uchungu kweli, maana ule wasiwasi wa kuzikwa amelala sikuwa nimejua umemkaa ndani kiasi hicho.

Akasimama mbele ya kontena mbili ndefu zilizounganishwa na kuchorwa mafuvu. "Humu ndani kuna nini?"

"Ni treni ya giza, Mwaitu. Inapita gizani, watu wanatishwa."

"Kuna mpiga picha?"

"Hapana. Ni giza totoro."

"Basi twende huko."

"Wanasema kuna aimu." Aimu ni mizimu, na mama ni mtu wa maombi ya kukesha. Nilidhani hilo lingemrudisha.

"Aimu wa jenereta?" akasema. "Nimekemea wale wa kweli miaka yote hii, nitashindwa na hawa wa kuchomekwa kwa stima?"

Sasa, pale mlangoni kulikuwa na kibao cha mbao, kimeandikwa kwa rangi nyekundu na mtu ambaye alikuwa na haraka: USIFLASH NDANI.

Nieleze basi. Kwetu, kuflash mtu ni kumpigia simu ikalia kidogo ukakata, ili yeye mwenye salio akupigie. Mama yangu ni profesa wa kuflash. Simu yake ni ile ndogo ya tochi tunayoiita mulika mwizi, na tangu ainunue sidhani ameongea kwa salio lake mwenyewe. Ana lugha yake. Akiflash mara moja, amefika nyumbani. Akirudia, piga. Akirudia tena, kuna mtu hospitalini. Ndugu yangu anasema akiwa kazini anaweza kujua habari za Kasikeu nzima bila kupokea simu. Kwa hivyo mama aliposoma kile kibao, polepole, akifuata herufi kwa midomo, alielewa jambo moja tu, na si yeye peke yake. Laini nzima ilikuwa imeelewa hivyo hivyo.

"Kijana," akamwambia bwana wa mlangoni, mwanamume wa kutoka pande za Mlima aliyevaa marvin, ile kofia ya sufu, licha ya lile jua, "na mtoto wangu akinitafuta nikiwa huko ndani?"

"Hata akitafuta, shosho," akamjibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Usiflash."

"Kwani nikiflash inamuuma nani?"

"Inaumiza wafanyakazi."

"Kuflash?"

"Macho, shosho. Inawaumiza macho."

Mama akanigeukia. "Macho," akaninong'oneza. "Na sisi tunaweka hizi vitu kwa matiti."

Nikajaribu. Nikamwambia wanamaanisha taa ya kamera ya simu, ile ya kupiga picha. Akakitazama kibao tena. "Wameandika taa?" Hawakuwa wameandika taa. "Wameandika picha?" Hawakuwa wameandika picha. Mbele yetu mzee mmoja wa koti la suti akageuka, akasema kwa sauti ya mtu aliyewahi kufika mbali kwamba ni mambo ya mawimbi. Simu ikilia humo ndani treni inasimama katikati. Hata kwenye ndege wanakataza. Ile habari ikapita kwenye laini kwa kasi kuliko moto kwenye nyasi kavu. Ungeona watu wazima wakizima simu. Mama hakuzima tu, alitoa na betri, akaifunga kwenye leso mbali na simu yenyewe wasije wakaonana. Akaniambia nizime yangu pia, akasimama hapo mpaka akaona kioo kimekuwa cheusi.

Na aliyejua vizuri kabisa maana ya kile kibao, msichana wa chuo aliyekaa kiti cha mbele yetu, mwenye kucha za rangi na simu ya kamera tatu, hakuzima chochote. Sisi tulioelewa vibaya tulitii sheria kuliko wenye sheria.

Treni ikaingia. Giza, jamani. Harufu ya dizeli na magunia mabichi. Kitu baridi kikanipiga shavuni, na kwa kweli nilijua ni kitambaa, lakini nikapiga mayowe. Kengele ikalia, mnyororo ukaburutwa mahali, na mama akaanza.

"Shindwe!" akanguruma. "Shindwe! Shindwe katika jina la Yesu!"

Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama mkubwa. Alikuwa anacheka. Anakemea na kucheka, anacheka na kukemea, kiti kizima kinatikisika. Mzee wa mawimbi huko nyuma akaitikia amina. Kitu cheupe kikatuinukia kutoka ukutani kando yetu na mikono juu, kikinguruma vizuri tu, na papo hapo msichana wa mbele akanyoosha mkono na kujigeuzia simu.

Taa ikapasuka.

Kwa nukta moja kila kitu kikaonekana. Ukuta ni wa magunia ya unga. Fuvu ni la plastiki. Mzimu amevaa gambuti na shuka la hospitali, na kwa vile ule mwanga ulimwingia moja kwa moja akajifunika uso, akarudi nyuma, akagonga mabati yakalia ngoma. Kisha giza likarudi, na ndani ya giza mzimu akawa anamlilia Mungu kwa Kikamba safi kwamba macho yake, macho yake, Ngai wake, macho yake.

"Pole sana, mwanangu!" mama akamwita mzimu. Kisha akabadilisha sauti. "Ni nani amefanya hivyo?"

Tulipotoka mwangani alishuka wa kwanza, kitambaa kimemhamia shingoni. "Kumbe hiyo ndiyo flash!" akatangaza, na watu wote wa treni wakasema eeeh, kumbe. Hapo ndipo yule bwana wa marvin alipoeleza vizuri, na angeeleza hivyo mapema tungeokoa betri. Kwamba wale wanaotisha watu wanakaa gizani kutwa, macho yao yamezoea, taa ikiwapiga ghafla wanakuwa vipofu kidogo na vyuma vya treni viko miguuni mwao. Kwamba pia unawaharibia wengine, maana aliyeona gambuti hawezi kuogopa tena. Ndiyo maana sheria ya pale ilikuwa kwamba ukiflash, unafuta hiyo picha mbele yake hapo mlangoni, hakuna kubembelezana.

Mzimu mwenyewe akatokea mlango wa nyuma na shuka begani, mwanamume wa umri wangu mwenye mvi kidogo, machozi yakimtiririka. Alisema nyumbani kwao ni Tseikuru, na kwamba huko hata fisi wana heshima kuliko watu wa leo.

"Afute!" mama akasema. "Tena afute tukiona!"

"Afute!" laini ikaitikia. Waliozima simu ndio waliokuwa wakali zaidi. Mzee wa mawimbi alikuwa ameinua kidole.

"Samahani, shosho," yule msichana akasema. Alikuwa karibu kulia. "Nilikuwa najipiga mwenyewe tu."

"Umesoma, au hukusoma?" mama akamwambia. "Sisi wazee tumesoma kibao tukatii, na hata hatukujua tunatii nini. Wewe ulijua. Futa."

Nikamwonea huruma, kusema ukweli. Mama akianza na wewe mbele ya watu unaweza kutamani mzimu arudi. Msichana akafungua ile picha, akatafuta pahali pa kufuta. Nilikuwa nimesimama begani kwake. Najua si adabu kuchungulia simu ya mtu. Nikachungulia.

Pembeni kulikuwa na nusu ya uso wake yeye, ameachama mdomo. Upande mwingine kulikuwa na mimi, nimekunja uso wote, nimefumba macho kabisa, nimekuwa mama yangu. Na katikati alikuwa mama. Kitambaa kimeteleza nyuma, mvi zote nje, mkono umeinuliwa juu ukikemea, mdomo wazi kwa kicheko mpaka lile pengo la jino linaonekana. Na macho. Yote mawili, makubwa, yamewaka, yananitazama. Hakukuwa na mtu wa kumhesabia moja na mbili huko gizani, kwa hivyo taa ilimkuta wazi kabla hajajua. Nimeishi na hayo macho maisha yangu yote, lakini hayakuwa yamewahi kunitazama kutoka kwenye picha.

"Usifute!" nikapiga kelele.

Watu wote wakanigeukia. Mama ndiye aliyenitazama vibaya zaidi. "Wewe uko upande gani?"

"Mwaitu, njoo uone."

"Sioni kitu. Afute!"

"Mwaitu. Tafadhali. Uko macho."

Msichana, maskini, alikuwa amesimama na kidole hewani kama mtu aliyeshika kuku asijue achinje au aachilie. Mama akasogea, akaichukua simu, akaishika mbali, akaishika karibu, akaifuta kioo kwa kona ya sweta. Nilikuwa naomba moyoni asije akabonyeza kitu. Aliishika hivyo mpaka treni nyingine ikapiga kengele ya kuingia.

"Huyu ni nani?" akamuuliza bwana wa marvin.

"Ni wewe, shosho."

"Hapa kwetu tunasema susu. Na uso ni wa nani?"

"Wako, susu."

"Basi haufutwi."

"Lakini sheria ni..."

"Sheria nimeisoma. Imesema usiflash ndani. Ameflash, imeisha, na sasa tuko nje. Ni wapi imeandikwa mnifute mimi?"

Mzee wa mawimbi akashusha kidole. "Lakini mama, si ni wewe umesema afute?"

"Nilisema kabla sijaona," mama akasema, na wala hakupepesa jicho.

Watu wakacheka mpaka bwana wa marvin akavua ile kofia kujikuna kichwa. Akasema yeye hana shida, lakini aliyeumizwa ni mwenye shuka, na kama mwenye shuka hajasamehe picha itafutwa. Hiyo ilikuwa haki. Akapewa simu. Yule mwanamume wa Tseikuru akaitazama ile picha na macho yake ambayo bado yalikuwa yanatoa maji, akaitazama sana, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Na nyinyi mnanilipa mimi nitishe watu," akasema. "Mlipeni huyu."

Akasema picha ikae. Alichotaka ni yule msichana amwambie pole yeye mwenyewe, si kumwambia mwenye mlango, maana macho yalikuwa yake. Msichana akamwambia pole kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, akamaanisha.

Ikabaki mama. Alikuwa amemgombeza mtoto wa watu hadharani, na sasa alikuwa anataka kitu chake. Mimi nilijua kitakachofuata kwa sababu nimelelewa nacho. Mama yangu haombi mtoto msamaha. Umri wake haumruhusu. Yeye humshika kichwa na kumwombea, halafu katikati ya maombi anampitishia Mungu ujumbe. Akamweka yule msichana mkono kichwani, juu ya zile nywele za kusukwa, na akaanza. Alimwombea masomo. Alimwombea mume mwenye akili. Akasema Bwana unajua wengine wetu tuna mdomo mwepesi, na tunakasirika kabla ya kuona, na Bwana utusaidie huyu mtoto asilale na uchungu kwa sababu ya maneno ya mwanamke mzee ambaye hata hivyo alikuwa na haki kidogo. Bwana wa marvin alishika kofia yake kifuani. Treni ilisubiri. Amina iliposemwa msichana alikuwa anacheka na kupangusa machozi, na aliuliza mwenyewe namba ya kututumia picha.

Simu yangu ilikuwa imezimwa, na simu ikizimwa na mama yangu inachukua muda kupata nguvu ya kurudi. Tulisimama pale sote watatu tukiitazama ikiwaka. Picha ikaingia. Mama akafungua leso, akarudisha betri kwa uangalifu, akauliza, "Hapa ni nje, ama?" Nikamwambia ni nje. Akamflash ndugu yangu.

Siku iliyofuata niliipeleka kwa kijana wa kusafisha picha pale Tulia. Akamkata yule msichana, akanikata mimi, na sikulalamika, akamwacha mama peke yake, mkubwa, na giza nyuma yake. Ilipotoka kwenye mashine ikiwa bado na joto, badala ya kufurahi niliogopa. Kazi niliyopewa ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na picha sasa. Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikiwa nimeigeuza upande mweupe, na jirani aliyenisalimia sikumjibu.

Nikaiweka mezani mbele yake. Alikuwa anakunywa chai. Aliitazama mpaka chai ikashika ngozi juu.

"Hii si ya mazishi," akasema.

"Mwaitu! Baada ya yote hayo? Si macho yako wazi?"

"Yako wazi sana. Tazama. Huyu mtu anapigana. Mkiweka hii kwa programu watu watasema mmezika mtu mzima mzima, mtashikwa." Akaisukuma kwangu na kidole kimoja, bila kuiondolea macho. "Itundike pale ukutani, niwe naiona."

"Na ya mazishi?"

"Itatafutwa."

"Na nani?"

"Si wewe? Kwani nimekutoa kwa kazi?"

Nikamuuliza nianze lini.

Akainua kikombe, akaondoa ile ngozi ya chai na kijiko, akaiweka kwenye sahani taratibu.

"Tafuta," akasema. "Lakini tafuta polepole."